Nyonga Inapouma: Tiba ya Osteopathi, Mazoezi na Hospitali kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

Mgonjwa akiulizwa anaumwa wapi, mkono wake hujibu kabla ya mdomo. Mmoja huweka kiganja kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Mwingine hugusa mfupa uliotokeza ubavuni, ule unaomnyima usingizi akilalia upande huo. Wa tatu hushika tako, kisha akateremsha mkono nyuma ya paja hadi chini ya goti. Wote watatu watasema nyonga inawauma, na kila mmoja ana ugonjwa wake.

Mtaalamu mzuri huanzia hapo. Maumivu ya kinena mara nyingi hutoka ndani ya kiungo chenyewe. Yale ya ubavuni kwa kawaida ni ya kano za misuli ya tako, na huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 40. Yanayoshuka kutoka takoni hadi mguuni mara nyingi chanzo chake ni mgongo wa chini, neva ikiwa imebanwa. Tena iko nyonga inayojificha kwenye goti: mtoto analalamika goti, goti linapigwa picha na kuonekana zima, kumbe shida iko juu.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wa Thika, Ruiru na vitongoji vilivyo kati yake wanaojiuliza kama tiba ya mikono iitwayo osteopathi inaweza kuwafaa. Baadhi yao itawafaa, mradi iende pamoja na mazoezi na chanzo cha maumivu kiwe kimejulikana kwanza. Sharti hilo la mwisho ndilo linalorukwa mara nyingi, na kuliruka kunaweza kumgharimu mtu mguu wake.

Mzigo wa kila hatua

Nyonga ni kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kilichokaa ndani ya kikombe cha fupanyonga. Katikati pana gegedu laini na ute wa kulainisha, na kuzunguka pana kano imara pamoja na misuli iliyo miongoni mwa mikubwa kabisa mwilini. Watafiti wa Berlin waliwahi kuweka vihisio ndani ya nyonga bandia za wagonjwa wao na kupima nguvu inayopita mtu anapotembea. Waliona kwamba kwa mwendo wa kawaida kiungo hiki hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Basi mtu wa kilo 80 huikandamiza nyonga yake kwa takriban kilo 200 kila anapokanyaga. Akipunguza kilo 5, nyonga inapumzishwa zaidi ya kilo 12 katika kila hatua, kutwa nzima.

Kazi za huku zinaongeza hesabu hiyo. Mchuma kahawa katika mashamba yaliyobaki Ruiru huinama na kuchutama kwenye miti ya Ruiru 11, aina fupi iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti cha hapa hapa, kisha hubeba mavuno hadi pa kupimia. Wapo wa mashamba ya mananasi ya Thika, na wapo wa machimbo ya mawe ya Juja na Ndarugo. Tafiti za Ulaya zimeonyesha mara nyingi kwamba wakulima na watu wanaoinua mizigo mizito kwa miaka mingi hupata uchakavu wa nyonga zaidi kuliko wafanyakazi wengine. Kwa upande mwingine yuko dereva wa matatu wa Thika Road, mwendesha boda boda na fundi wa cherehani, ambao nyonga zao hukaa zimekunjwa saa baada ya saa. Wakisimama mwisho wa siku, hatua za kwanza huwa za kuchechemea.

Osteopathi ni nini

Ilianza Marekani. Andrew Taylor Still, tabibu wa mashambani, alifiwa na watoto wake watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, na hakuna dawa ya enzi ile iliyofua dafu. Mwaka 1874 alitangaza njia yake: kuuchunguza mwili kwa mikono na kurekebisha mwendo wa mifupa, misuli na viungo. Mwaka 1892 alifungua shule katika mji wa Kirksville, Missouri. Leo wahitimu wa vyuo vya osteopathi vya Marekani ni madaktari kamili, wanaoandika dawa na kufanya upasuaji. Nchini Uingereza osteopathi ni taaluma ya tiba ya mikono inayosimamiwa kwa sheria ya mwaka 1993, na Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya mafunzo yake mwaka 2010.

Kenya wataalamu wa osteopathi ni wachache. Mkazi wa Makongeni au Kimbo ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mbinu zinazofanana na za osteopathi mikononi mwa mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye kazi yake inasimamiwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Yeyote yule, mgonjwa ana haki ya kuuliza alisomea wapi na kuona leseni yake. Anayekasirika kwa kuulizwa aachwe.

Kikao cha kwanza kinapaswa kuwa cha maswali zaidi ya kukandwa. Maumivu yalianza lini? Yanaamsha usiku? Ulianguka? Unatumia dawa gani? Kisha mgonjwa husimama kwa mguu mmoja, na mtaalamu hutazama kiuno kutoka nyuma. Kikishuka upande wa mguu ulioinuliwa, misuli ya tako ya mguu unaokanyaga ni dhaifu. Baadaye mgonjwa hulala chali, goti likakunjwa, na unyayo ukapelekwa nje taratibu ili paja lizunguke kwa ndani. Kiungo kinachoanza kuchakaa hupoteza mzunguko huu mapema. Mguu mzima utakwenda vizuri. Ule mbovu utakwama baada ya mwendo mfupi tu, na mgonjwa atakunja uso na kuonyesha kinena.

Matibabu yenyewe ni ya upole. Misuli iliyokaza hukandwa, mguu huvutwa polepole ili kiungo kipate nafasi, na nyonga huzungushwa ndani ya mipaka yake. Katika mbinu moja inayotumika sana, mgonjwa husukuma mkono wa mtaalamu kwa nguvu kidogo kwa sekunde 5 hivi, akaachia, na mtaalamu akausogeza mguu hatua nyingine mbele. Hurudiwa mara tatu hadi tano. Hakuna haja ya kupiga kelele wala ya kusikia mfupa ukilia.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2014 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha jaribio la watu 102 wenye uchakavu wa nyonga. Nusu walipewa tiba ya mikono, mazoezi na ushauri, na nusu tiba ya kuigiza isiyo na nguvu yoyote. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa na maana. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2022 unakubali tiba ya mikono kwa uchakavu wa nyonga na goti pale tu inapoambatana na mazoezi. Kwa hiyo mtu anayeuza vikao 20 kwa mpigo, alipwe kabla, bila kumfundisha mgonjwa zoezi hata moja, anauza kitu ambacho ushahidi haukiungi mkono. Mikono inaweza kutuliza maumivu kwa muda na kumpa mtu ujasiri wa kujongea. Nafuu inayodumu hujengwa na misuli.

Kwa maumivu ya ubavuni habari ni nzuri zaidi. Jaribio lingine la Australia, la mwaka 2018, lilihusisha watu 204. Baada ya wiki 8, zaidi ya robo tatu ya waliofundishwa mazoezi na namna ya kuilinda nyonga walisema wamepata nafuu kubwa, wakiwazidi waliochomwa sindano ya steroidi na kuwaacha mbali walioambiwa wasubiri. Kuilinda kwenyewe ni mambo madogo: kutokunja nne, kutosimama na uzito wote umeegemea nyonga moja ukisubiri matatu stejini, kulala na mto katikati ya magoti.

Pale mikono haipaswi kugusa

Mzee akianguka bafuni na kushindwa kukanyaga, mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, huo ni mvunjiko wa shingo ya mfupa wa paja hadi ithibitishwe vinginevyo. Asikandwe, asivutwe, asipakwe dawa ya kuchua. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kila siku anayolala bila kutibiwa inamwongezea hatari ya nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda.

Mtoto anayechechemea ni wa hospitali vilevile. Akiwa na homa na hataki mguu uguswe, huenda kuna usaha ndani ya kiungo, na saa chache zina maana. Kati ya miaka 4 na 8 kuna ugonjwa wa Perthes, ambapo kichwa cha mfupa hukosa damu. Karibu na balehe, hasa kwa mtoto mnene, kichwa hicho kinaweza kuteleza kutoka mahali pake.

Kwa watu wazima, kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu ni moja ya sababu zinazowafikisha Waafrika wengi kwenye upasuaji wa nyonga wakiwa bado vijana. Selimundu huleta hali hiyo. Pombe nyingi ya miaka huileta. Na huletwa na prednisoloni au deksamethasoni zinazomezwa kwa miezi bila daktari, kwa sababu ziliwahi kuondoa maumivu haraka na jirani akazisifu. Picha ya eksirei inaweza kuonekana safi mwanzoni huku mfupa tayari unakufa; mwenye historia hiyo aulizie MRI. Hata diklofenaki, inayonunuliwa kila duka la dawa, huchoma tumbo na kudhuru figo ikizoeleka.

Kifua kikuu huingia mifupani pia. Maumivu ya usiku yanayoambatana na kukonda na homa za jioni, au yanayompata aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ya tezi dume, yachunguzwe kwanza na daktari. Ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura.

Pa kuanzia si mbali. Hospitali ya Ruiru Level 4 na ile ya Thika Level 5 ni za umma, na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko jirani na Ruiru. Kwa upasuaji mkubwa wa mifupa, Hospitali ya PCEA Kikuyu iko ndani ya kaunti hii ya Kiambu. Mgonjwa ahakikishe mapema kwamba amejisajili na bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na aulize kwenye kituo husika ni huduma zipi bima hiyo itamlipia.

Nyumbani

Mazoezi matatu yanatosha kuanzia. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, inua makalio, hesabu hadi tano, shusha. Kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika, kaa tena polepole. Shika ukingo wa meza, peleka mguu mmoja pembeni bila kuinamisha kiwiliwili. Kila moja mara kumi, raundi mbili, siku tatu au nne kwa wiki. Uchungu kidogo unaotulia kufikia kesho yake si kitu. Unaoongezeka siku hadi siku ni ishara ya kupunguza.

Fimbo hushikwa mkono wa upande mzima. Wengi huishika upande unaouma, na kwa kufanya hivyo hujinyima karibu faida yote. Nyonga ya kulia ikiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na itangulie pamoja na mguu wa kulia.

Yote haya yakishindwa na mtu hawezi kulala wala kufika sokoni, nyonga bandia ni tiba yenye historia ndefu: mtindo wa kisasa ulianzishwa na daktari John Charnley wa Uingereza mwaka 1962, na uchambuzi wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba karibu 58 kati ya kila nyonga 100 zilizowekwa hudumu miaka 25. Anayesubiri zamu aendelee na mazoezi yale yale, maana misuli aliyoijenga kabla ya upasuaji ndiyo itakayomwinua kitandani, mara nyingi kesho yake. Na akirudi nyumbani, mtaalamu yeyote wa mikono asiizungushe wala kuivuta nyonga hiyo mpya kabla ya kupata ruhusa ya daktari aliyeiweka.