Diski ya Nje Isipoonekana

Muhula huu hapa Bumbuli diski yenye mitihani ya miaka iliyopita ilikataa kuonekana katika kompyuta mpakato. Sisi wa kidato cha nne tulishikwa na hofu, kwani nakala nyingine hatukuwa nayo.

Yafaa kwanza kusikiliza. Diski ya kuzunguka ikinguruma sawasawa, inapata umeme. Ikilia tik-tik, huenda umeme hautoshi, au imeharibika, usiing'ang'anize. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, la USB 3.0 hutoa 900. Basi jaribu tundu jingine, kisha waya mwingine, tena mfupi.

Tulipobadili waya diski ilinguruma, lakini haikuonekana bado! Tukafungua Disk Management ya Windows: kumbe imo, ila haina herufi ya kuitambulisha. Mwenzetu mmoja akataka kubonyeza neno Format, lililo katika orodha ile ile. Tukamshika mkono, maana hilo hufuta orodha ya mafaili. Tukaipa herufi E tu, na mitihani yote ikatokea.

Nakala ya pili sasa imo kabatini mwa mwalimu.