Uandishi wa Maelekezo: Mboga za Karatasi kwa Watoto

Mtahiniwa, maelekezo ni utungo wa kiuamilifu unaomweleza msomaji namna ya kutekeleza jambo hatua kwa hatua. Watahiniwa wengi huuona kuwa rahisi, kisha hupoteza alama kwa sababu huandika wanayoyajua wao na kusahau kwamba msomaji haioni mikono yao. Utungo wa aina hii hupimwa kwa swali moja: je, mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii anaweza kuikamilisha kwa kufuata maneno yako pekee?

Swali

Mwalimu wa shule ya chekechea iliyo karibu nanyi amekuomba umwandikie maelekezo ya kazi ya mikono itakayowasaidia watoto kuzitambua mboga. Andika maelekezo hayo.

Kabla ya kuandika

1. *Mtambue msomaji.* Hapa msomaji ni mwalimu, ila watakaofanya kazi ni watoto. Lugha iwe nyepesi, na kila hatua iwe na tendo moja au mawili tu.
2. *Chagua mboga moja.* Ukitaja karoti, biringanya na kabichi kwa pamoja, hutaieleza hata moja ikaeleweka.
3. *Orodhesha hatua pembeni, kisha ujiulize ipi lazima itangulie.* Kwa mfano, rangi hupakwa karatasi ikiwa bado bapa. Mtoto akiipaka baada ya kuiviringisha, krayoni itaibonyeza na kazi yote itaharibika.

Muundo

Utungo wako uwe na kichwa, utangulizi mfupi, orodha ya vifaa, hatua zilizopewa nambari, tahadhari na hitimisho. Usiuandike kama barua, hata kama swali linasema umeombwa na mwalimu: ulichoombwa ni maelekezo.

Kielelezo (kimefupishwa, katika mtihani, fikisha idadi ya maneno uliyoagizwa)

JINSI YA KUTENGENEZA KAROTI YA KARATASI

Watoto wengi huiona karoti ikiwa imeshakatwa na kupikwa. Kazi hii itawaonyesha umbo lake, rangi yake na mahali inapokua.

*Vifaa (kwa kila mtoto)*
- karatasi nyeupe ya mraba, sentimita 20 kwa 20
- vipande vitatu vya karatasi, sentimita 15 kwa 3
- krayoni nyekundu, ya manjano na ya kijani
- mkasi wenye ncha butu
- gundi
- kopo lililojazwa mchanga mkavu

Ukikosa gundi, koroga vijiko viwili vya unga wa ngano na vijiko viwili vya maji hadi upate uji mzito usio na madonge.

*Hatua*
1. Waonyeshe watoto karoti mbichi yenye majani yake. Waache waishike na kuinusa.
2. Mwambie mtoto aipake karatasi ya mraba rangi ya manjano upande mmoja, kisha apitishe nyekundu juu yake kwa wepesi. Rangi hizo mbili zitatoa rangi ya machungwa.
3. Apake vile vipande vitatu rangi ya kijani pande zote mbili.
4. Igeuze karatasi ya mraba ili upande wenye rangi uwe chini. Iweke pembe moja ikimwelekea mtoto. Pembe hiyo ndiyo itakayokuwa ncha ya karoti.
5. Msaidie kuziviringisha kingo mbili zinazokutana kwenye pembe hiyo hadi ukingo mmoja uupande mwingine, kama wauza njugu wanavyoviringisha vifuko vyao.
6. Paka gundi mahali kingo zinapopandana. Pabane kwa vidole hadi pashikane.
7. Kata pembe iliyochomoza juu ili mdomo uwe sawa.
8. Mtoto akate mikato midogo midogo kwenye kingo mbili za kila kipande cha kijani ili kifanane na jani la karoti.
9. Paka gundi mwisho wa kila jani, ulibandike ndani ya mdomo. Acha ikauke.
10. Ichomeke karoti mchangani hadi majani pekee yaonekane. Mwite mtoto aing'oe.

*Tahadhari:* Usimwache mtoto peke yake akiwa na mkasi.

Mtoto akiing'oa karoti yake, mwulize ilikuwa imejificha wapi. Hapo ataelewa kwamba karoti ni mzizi na kwamba sehemu tunayoila hukua ardhini.

Uchanganuzi

*Vipimo.* Linganisha sentensi hizi:
(a) Chukua karatasi ya kutosha.
(b) Chukua karatasi ya mraba, sentimita 20 kwa 20.
Sentensi (a) inamwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Sentensi (b) inampa uhakika.

*Hali ya vitenzi.* Mwalimu anapoelekezwa moja kwa moja, tumetumia hali ya kuamuru: paka, kata, igeuze. Mtoto anapotajwa, tumetumia dhamiri tegemezi: aipake, apitishe, akate. Usichanganye "kata", "kateni" na "unakata" katika utungo mmoja.

*Upatanisho wa kisarufi.* Viambishi vya yambwa hujirudia sana katika maelekezo, na ndipo makosa hujificha. Karatasi na karoti zimo katika ngeli ya I-ZI, hivyo tunasema "igeuze" na "aing'oe". Jani limo katika LI-YA: "ulibandike". Kipande kimo katika KI-VI: "kifanane". Ukiandika "karatasi ligeuze", utaadhibiwa hata kama hatua yenyewe ni sahihi.

*Sababu.* Hatua ya 4 inaeleza kwamba pembe ile itakuwa ncha. Maelezo mafupi kama hayo humzuia msomaji asikosee. Yatumie panapohitajika tu, usije ukageuza maelekezo kuwa insha ya kawaida.

Zoezi

1. Panga hatua hizi kwa mfuatano unaofaa, kisha ueleze sababu ya mpangilio wako: (i) Ibonyeze bamia kwenye karatasi. (ii) Kata bamia kwa kukingama. (iii) Ichovye kwenye rangi ya maji. (iv) Ipanguse iwe kavu. (v) Ruhusu chapa ikauke.
2. Sahihisha: *Chukua mkasi, ikate kitunguu cha karatasi, halafu mnalipaka rangi.*
3. Andika maelekezo ya kutengeneza kabichi kwa karatasi kuukuu. Ukimaliza, mpe mdogo wako au mwenzako ayafuate huku wewe umenyamaza. Popote atakaposimama na kukuuliza, hapo ndipo pa kusahihisha.