Jumanne: Maneno Yanayobaki Mdomoni

*Soma Kumbukumbu la Torati 31:19–22. Kwa nini Mungu alimwagiza Musa awafundishe Waisraeli wimbo, ingawa torati ilikuwa imekwisha kuandikwa?*

Musa alikuwa na umri wa miaka 120, na kifo chake kilikuwa karibu. Torati ilikuwa imeandikwa na kukabidhiwa makuhani (fungu la 9). Hata hivyo, Mungu alitaka shahidi mwingine. Kitabu kingewekwa kando ya sanduku la agano. Wimbo ungekaa midomoni mwa watoto, hata kama wazazi wao wangemwacha Bwana.

Muumba wetu anaujua ubongo aliouumba. Kwa watu wengi, usemi hutegemea hasa upande wa kushoto wa ubongo. Kuimba hushirikisha pande zote mbili, pamoja na sehemu zinazohusika na hisia, kumbukumbu na mwendo wa mwili. Ndiyo maana mtu aliyepatwa na kiharusi, asiyeweza kutaja hata jina la mtoto wake, wakati mwingine huimba ubeti mzima wa wimbo anaoujua. Huko Sweden, katika karne ya 18, iliandikwa habari ya mgonjwa wa namna hiyo aliyeimba nyimbo za kanisa. Tangu miaka ya 1970, matabibu wamewasaidia baadhi ya wagonjwa kuanza kusema tena kwa kuanzia na maneno ya kuimbwa.

Nguvu hiyo ya wimbo ilijulikana pia katika njia ya misafara ya Tabora. Katika karne ya 19, wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea zaidi ya kilomita 700 kati ya Tabora na Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa yapata kilo 30. Kirangozi alitangulia akianzisha wimbo, nao wapagazi wakaitikia. Wimbo ulilinganisha hatua, ukafariji mioyo, ukawaunganisha watu wa makabila mbalimbali.

Lakini katika njia hiyohiyo walipita pia mateka waliofungwa minyororo. Wimbo unaweza kuipa miguu nguvu bila kuuliza safari inaelekea wapi, wala nani anaumia. Hata mbele ya ndama ya dhahabu watu waliimba (Kutoka 32:18).

*Soma 1 Wakorintho 14:15 na Wakolosai 3:16. Paulo anataka nini kiambatane na kuimba kwetu?*

Paulo haitengi roho na akili. Wimbo unaogusa hisia pekee waweza kutupeleka popote. Wimbo uliobeba neno la Kristo hutufundisha na kutuonya. Kwa hiyo tunapowafundisha watoto wetu wimbo wa *Nyimbo za Kristo*, tusiishie kwenye sauti ya kwanza na ya pili. Tuwaeleze maana ya maneno, kwa lugha wanayoielewa. Huenda siku moja, uzeeni au kitandani hospitalini, maneno hayo yakawa ndiyo pekee wanayoweza kuyatamka.

Kama leo ungepoteza usemi na kubakiwa na nyimbo tu, ni maneno gani yangetoka kinywani mwako? Je, kuna mgonjwa au mzee asiyeweza tena kuzungumza ambaye unaweza kumtembelea wiki hii na kuimba pamoja naye?