Traki za Kukereza kwa Longibodi ya Mteremkoni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kwenye mteremko wa Les Éboulements, jimboni Quebec, mwaka 2012 Mischo Erban alishuka kwa kilomita 129.94 kwa saa akiwa amesimama juu ya ubao. Miaka mitano baadaye, jimboni humo humo, Peter Connolly alifika kilomita 146.73. Ubao wa namna hiyo hauna breki wala usukani. Kinachouelekeza ni traki mbili, yaani vile vyuma vinavyoshika ekseli na magurudumu na kugeuka pale mshukaji anapoegemea upande. Traki ikikosewa, hakuna ustadi wa miguu utakaofidia.

Haya nawaandikia wanaoshuka kwa dhati, watu wa kuvaa kofia ya kufunika uso mzima na suti ya ngozi, na wanaofikiria kuacha traki za kawaida na kununua zile zilizokerezwa kwa mashine. Nayaandika kwa ukali kwa sababu ni makosa yanayovunja mifupa, na karibu yote yanaepukika.

Usinunue traki za kukereza kabla hujajua kusimama. Kama huwezi kuusereresha ubao pembeni na kusimama unapotaka, ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, fedha yako ina kazi nyingine. Nunua glavu za kuserereka na magurudumu, kisha rudi kwenye mteremko mdogo. Seti ya kukereza hugharimu mamia ya dola, na haimfundishi mtu kusimama. Traki za kusubu zilizo nzuri, kama Paris au Caliber, zimewafikisha wengi kwenye kasi ambayo wewe bado hujaiona.

Jua chuma chako kimetengenezwaje. Kuna traki za kusubu, ambazo aluminiamu huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kuna za kufua, ambazo chuma hugandamizwa kwa nguvu mpaka kipate umbo. Na kuna za kukereza, zinazochongwa na mashine ya kompyuta kutoka kwenye bonge moja la aluminiamu. Chuma cha kusubu kinaweza kubaki na vitundu vya hewa ndani, na kinapopoa hujikunja kidogo, ndiyo maana traki mbili zilizotoka kwenye kalibu moja huwa hazifanani kabisa. Bonge la kukereza halina shida hiyo. Uliza ni aluminiamu gani: 6061 inatosha kwa sehemu nyingi, ila 7075 ina nguvu inayokaribia mara mbili yake. Muuzaji asiyejua jibu mwache na traki zake.

Lakini nguvu siyo sababu kuu ya kulipa fedha zote hizo. Sababu kuu ni plei, yaani kucheza kwa vipande vilivyolegea. Kwenye traki ya kusubu, ncha ya hanga, kile kipande kinachobeba ekseli, hucheza kidogo ndani ya kikombe chake, bushi, zile pete laini za kurudisha traki katikati, hucheza kwenye vikalio vyake, na ekseli huenda haijanyooka sawasawa. Kwa mwendo wa mjini hutajua. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambapo kila sekunde unapita mita 22 za lami, ubao unapoyumba unashindwa kutambua kama ni wewe umeegemea au ni chuma kimecheza. Traki ya kukereza inakuondolea shaka hiyo, na ndicho unachokilipia.

Pima plei kwa mikono yako. Geuza ubao juu chini na uubane katikati ya magoti. Shika hanga kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa karibu na kingipini, ile boliti kuu inayopita katikati ya hanga, usukume mbele na nyuma kwa kufuata urefu wa ubao. Usiizungushe kama inavyogeuka kwenye kona, sukuma tu. Sikiliza. Mgongano mdogo wa chuma unaosikika mara mbili, kwenda na kurudi, maana yake ncha imelegea kwenye kikombe. Toa bushi zote, chomeka hanga tupu kwenye kitako, kile kipande kinachofungwa kwenye ubao, uitikise tena. Traki nzuri inakaa kimya, na ncha inazunguka ndani ya kikombe bila kuyumba. Halafu fungua magurudumu na ulaze ekseli juu ya kioo cha meza, uiviringishe taratibu huku ukitazama mwanga unaopita chini yake. Ekseli iliyopinda itakuonyesha upenyo unaofunguka na kufumba. Traki nyingi za kukereza huruhusu ekseli kubadilishwa, kwa hiyo huna kisingizio cha kushuka na iliyopinda.

Chagua nyuzi za pembe kwanza, jina la kampuni baadaye. Wengi huanza na jina: Aera ni nzuri kwa kuwa mshukaji Kevin Reimer alikuwa na toleo lake, au Ronin ni nzuri kwa kuwa fulani anazo. Mteremko haujui majina hayo. Unachojua ni pembe ya kitako, kwa sababu pembe ndiyo inayoamua ukiegemea kiasi gani magurudumu yageuke kiasi gani. Chukua kuegemea kwa nyuzi 10. Kitako cha nyuzi 50 kitageuza ekseli karibu nyuzi 12. Cha nyuzi 45 kitageuza karibu 10, sawa na ulivyoegemea. Cha nyuzi 25 hakifiki 5, na cha 20 hakifiki 4. Basi vitako viwili vilivyokerezwa kwa mashine ileile na mikono ileile vinaweza kukupa ubao mtulivu au ubao wa kukutupa mtaroni.

Pima pia pembe halisi baada ya kufunga. Mbao nyingi zina mwinuko uliochongwa puani au mkiani, na watu huongeza vipande vya kabari chini ya kitako. Kitako kilichoandikwa 45 kikiwa juu ya kabari ya nyuzi 5 ni 50 au 40, kutegemea kabari imeelekea wapi. Vitako vya nyuzi ndogo mara nyingi huwa na kimo tofauti na vya mbele, kwa hiyo weka vipande bapa vya kunyanyulia hadi ubao ukae sawa. Anayefunga bila kupima anashuka na traki asiyoijua.

Usifanye nyuma iwe sawa na mbele. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo lililoenea zaidi, kwa sababu traki huuzwa kwa jozi zinazofanana. Traki ya nyuma hugeuka kinyume na ya mbele. Ukiegemea kulia, pua inaingia kulia na mkia unasukumwa kushoto. Kwenye mwendo wa pole hilo linasaidia kupunguza mduara wa kona. Kwenye kasi, mkia unaosukumwa unakurusha, mwili unajibu kwa kuegemea upande wa pili, mkia unasukumwa tena kwa nguvu zaidi, na ndani ya sekunde mbili mtikisiko umekushinda. Ndiyo maana washukaji wengi wa mashindano leo hufunga nyuzi 45 hadi 50 mbele na 20 hadi 30 nyuma. Mbele inaongoza, nyuma inafuata.

Anza kwa tofauti ndogo, tuseme 45 na 30, kama umezoea jozi sawa. Kuruka moja kwa moja hadi 50 na 20 kutakupa ubao unaoingia kona kwa namna usiyoitarajia, na mkia ambao mguu wa nyuma hauwezi kuurekebisha.

Usitibu mtikisiko kwa kukaza nati. Nati ya kingipini haikuwekwa pale kwa kazi hiyo. Ukiikaza sana, bushi inabanwa kabla hujaanza kuegemea, inavimba pembeni, na katikati ya ubao panakuwa pagumu huku ukingoni hapana kitu. Utaona ubao mtulivu mpaka utakapohitaji kona kali, ndipo utagoma. Kaza mpaka washa isizunguke kwa vidole, kisha ongeza nusu mzunguko. Kama bado ni laini, bushi ndiyo laini. Ibadilishe. Na kabla ya kulaumu bushi, tazama uzito wako uko wapi: mshukaji anayeegemea nyuma kwa woga anaulisha mtikisiko. Uzito mwingi ukae mguu wa mbele. Hakuna traki ya bei yoyote inayosamehe hilo.

Heshimu bushi. Mtu anatoa mamia ya dola kwa chuma, halafu anabaki na bushi zilizokuja nazo dukani. Bushi ndiyo inayokurudisha katikati baada ya kona. Kila traki ina mbili: moja upande wa ubao, nyingine upande wa barabara. Ya upande wa ubao inabeba mzigo mkubwa zaidi, hivyo iwe ngumu sawa na mwenzake au kuizidi kidogo. Kwa mtu wa kilo 70, anzia ugumu wa 87A hadi 90A mbele, na 90A hadi 95A nyuma. Mzito aende juu, mwepesi ashuke. Umbo liwe pipa pande zote mbili. Umbo la koni linaachia kuegemea kwingi mno kwa kasi ya mlimani, isipokuwa kwa mtu mwepesi sana anayejua anachotafuta.

Traki kadhaa za kukereza zina kipande kinachoweza kutolewa katikati ya hanga, mahali kingipini inapopita. Kipande kigumu kinaondoa plei, kilaini kinapunguza mtetemo wa lami mbovu. Shuka na kile kigumu. Mtetemo unavumilika.

Kagua bushi kila unapofungua traki. Unga mweusi kwenye washa, mpasuko mwembamba unaozunguka ukingo, au upande mmoja uliobonyea na kukataa kurudi: tupa. Usizipake grisi, hukusanya mchanga. Na kumbuka baridi. Bushi hukaza asubuhi ya baridi na kulainika mchana, kwa hiyo traki uliyoitengeneza mchana wa Teutônia, Brazili, haitakuwa ileile alfajiri ya Kozákov, Jamhuri ya Cheki.

Upana usiuchague kwa fasheni. Hanga zimezidi kuwa nyembamba: kutoka milimita 180 za longibodi za kawaida hadi 130, na sasa hata pungufu ya 110. Nyembamba hugeuka kwa wepesi na hushika lami kwa usawa zaidi, lakini inataka ubao mwembamba. Vaa viatu vyako, simama, na mtu atazame kutoka nyuma: ukingo wa ubao ukaribiane na magurudumu. Ubao ukiyapita sana, unaegemea hewani, na traki itapinduka kwa urahisi usioutaka.

Badilisha kitu kimoja, kisha shuka. Usibadilishe bushi, pembe na magurudumu jioni moja halafu ukauliza kwa nini ubao umekuwa mbaya. Beba daftari. Andika pembe, ugumu wa bushi zote nne, idadi ya mizunguko ya nati, na hali ya hewa. Tumia mteremko uleule na kona ileile. Mahali penye barabara isiyopitisha magari, kama Maryhill Loops aliyoijenga Sam Hill katika jimbo la Washington mwanzoni mwa karne ya 20, pamekuwa shule ya wengi kwa sababu hiyo. Kasi iongezwe baada ya ubao kunyamaza kwenye mwendo wa chini. Traki inayotetema kwenye kilomita 40 haiwezi kutulia kwenye 80.

Usirudie nati iliyochoka. Nati za traki zina utepe wa nailoni ndani unaozizuia kujifungua. Ukiweza kuizungusha hadi mwisho kwa vidole, utepe umekwisha. Nati ya ekseli ikifungwa, uzi wa ekseli utokeze kidogo nje ya nailoni. Usipotokeza, umeweka washa au spesa zisizofaa. Kati ya beringi mbili za kila gurudumu pawe na spesa iliyopimwa sawasawa, ili ukikaza nati gurudumu lizunguke bila kubanwa na bila kuyumba. Kingipini yenye alama ya kupinda au uzi uliolika iondolewe siku hiyohiyo. Beba ya akiba, pamoja na vikombe viwili vya ncha na spana mbili, ile ya milimita 13 na ile ya 14.

Kwenye mashindano huteremka watu wanne kwa pamoja, kiatu kwa kiatu kwenye kona. Ubao wako ukitetema huanguki peke yako. Unawachukua na walio nyuma, ambao walipima traki zao usiku kucha. Kwa hiyo kagua tena ukiwa juu ya mlima kabla ya kila raundi: plei, nati nne za ekseli, nati mbili za kingipini. Ukikuta nati inazunguka kwa vidole na huna ya akiba, omba kwa wenzako. Wasipokuwa nayo, nenda kwa mwandaaji umwambie akuondoe kwenye raundi hiyo, ushuke mlima kwa gari.