Kufundisha Programu Hasidi Bila Kompyuta

Neno "virusi" humpotosha mtoto. Alisikiapo katika somo la kompyuta hudhani kwamba mashine imeingiwa na vijidudu, na pengine huogopa kuigusa. Kwa hiyo twamshauri mwalimu aanze hapa: programu ni maagizo yaliyoandikwa na mtu, na programu hasidi ni maagizo yaliyoandikwa kwa nia mbaya. Kompyuta haiugui, inatii tu.

Mfano ufaao ni ILOVEYOU, iliyozuka Ufilipino mwezi Mei 2000. Ilifika kwa barua pepe yenye jina la mtu anayefahamika, ikiwa na kiambatisho kilichojidai kuwa barua ya mapenzi. Aliyekifungua hakusoma barua yoyote, bali aliiendesha programu. Ikaziharibu faili zake za picha, kisha ikajituma kwa kila anwani aliyokuwa ameihifadhi.

Darasani karatasi yatosha. Andika: "Futa neno moja ubaoni. Nakili karatasi hii mara mbili. Wape wenzako wawili ambao hawajaipata." Mpe mwanafunzi mmoja. Kufikia awamu ya tano wanafunzi 31 watakuwa wameipokea, na ubao utakuwa umebaki mtupu. (Kelele hazitakosekana, mwalimu azivumilie.) Kisha zoezi lirudiwe, safari hii kila mmoja aisome karatasi kabla ya kutii, na amwulize aliyempa kama ndiye aliyeiandika. Ndipo darasa liulizwe: karatasi ilikomea kwa nani, na kwa sababu gani?