Dondoo muhimu: Kabla ya kubofya, soma saini

Programu ya kuchezea video imepakuliwa bure. Kesho yake kivinjari kimejaa matangazo. Kuna mgeni aliyeingia mgongoni mwa programu hiyo, na mgeni huyo anaweza kuulizwa kitambulisho: saini ya kidijitali ya faili.

Kwenye Windows, mtumiaji hubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua "Properties", kisha "Digital Signatures", halafu "Details". Hapo husoma mambo mawili: nani amesaini, na kama saini ni halali. Faili likichezewa baada ya kusainiwa, saini huharibika. Jina la kampuni lisilohusiana na programu iliyotakiwa nalo ni la kutiliwa shaka.

Kukosa saini peke yake si kosa. Watengenezaji wengi wadogo hawamudu gharama ya cheti cha kusainia.

Wala saini halali si cheti cha usafi. Mwaka 2017, toleo la 5.33 la programu ya CCleaner lilisambazwa likiwa na saini halisi ya mtengenezaji wake, kumbe wadukuzi walishapenyeza programu hasidi ndani. Watumiaji wapatao milioni 2.27 walilipokea. Shaka ikibaki, faili hupandishwa kwenye tovuti ya VirusTotal, likapimwa na antivirusi nyingi kwa mpigo (nyaraka za siri zisipelekwe huko).