Mbegu ya Viazi na Shamba la Jirani



Wengi wetu huku Kinangop karo za watoto hutoka katika viazi, na hata sadaka yetu. Kwa hiyo somo hili ni la shamba.

Ukungu wa majani twaujua sote. Huzuiwa kwa dawa ikinyunyizwa mapema, na ziko mbegu zinazoustahimili, kama Sherekea na Kenya Mpya zilizotolewa mwaka 2010. Shangi, tunayoipenda kwa kukomaa upesi, hushikwa kwa urahisi.

Lakini mnyauko hauna dawa. Bakteria wake hukaa udongoni na ndani ya kiazi. Mche hulegea adhuhuri majani yangali mabichi, ijapokuwa mvua imenyesha. Ukitaka hakika, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukishikilie ndani ya bilauri ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndio wenyewe.

Twauleta shambani kwa mikono yetu. Desturi yetu ni kuuza viazi vikubwa na kupanda vidogo, na vidogo hivyo mara nyingi ni watoto wa miche migonjwa. Afadhali tuchague viazi vikianza kutoa maua: simika kijiti penye kila mche wenye nguvu. Rudi baada ya majuma mawili, ung'oe vijiti penye miche iliyougua. Wakati wa kuvuna, chimba kwanza penye vijiti, na mbegu hiyo iwekwe mbali na nyingine.

Shamba lililoshikwa lipumzishwe viazi kwa misimu mitatu au zaidi. Panda mahindi, maharagwe au kabichi. Nyanya na pilipili hapana, kwa kuwa ni jamaa moja na viazi. Tena ng'oa viazi vinavyojiotea, la sivyo kazi yote ni bure. Walawi sura ya 25 yasema juu ya pumziko la ardhi, nasi tumeisoma mara nyingi huku tukipanda viazi msimu baada ya msimu.

Sasa neno gumu. Viazi vilivyooza tukivitupa mferejini, maji huupeleka ugonjwa kwa jirani aliye chini ya mteremko. Vifukiwe mbali na maji. Na anayemwuzia mwenzake mbegu akijua shamba lake lina mnyauko, amemwibia, ingawa mzani ulikuwa sawa.

Hata viazi vya mnada wa siku ya mavuno tumevipanda. Hatujui vilitoka shamba gani. Hivyo ni vya sufuria.

Aliye na mche anaoutilia shaka alete kipande cha shina Jumapili baada ya ibada, ndani ya kopo lenye kifuniko. Bilauri ya maji itakuwa tayari nje ya ofisi ya parokia. Jembe alilolitumia alioshe kabla ya kuliazima mtu.